RCEXL CDI ya silinda moja kwenye ndege ya petroli: rivyu yangu, na jinsi ya kuua makelele ya redio

Wadau wa ndege za rimoti, kama una ndege ya petroli na sevo (vile vimota vinavyosogeza vipande vya mabawa na mkia) zinatetemeka zenyewe kila injini ikiwaka, tafadhali usikimbilie kununua risiva mpya (kile kipokea mawimbi cha ndani ya ndege) wala rimoti mpya. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye kofia ya plagi na ule wavu wa chuma uliofunika waya wa moto, vitu ambavyo watu hawaviangalii kabisa kwa sababu ukitazama kwa nje vinaonekana vizima tu. Hii ni rivyu ya ignition ya CDI, yaani kifaa cha kielektroniki cha kupiga cheche kwenye plagi, ya chapa ya RCEXL ya silinda moja, ile ya plagi ya CM6 yenye uzi wa milimita 10, ila siwezi kuisifia bila kueleza tatizo lenyewe kwanza maana mtu anaweza kuinunua akaifunga hovyo akabaki na makelele yale yale halafu akalaumu kifaa.

Kwa asiyeijua, ni kiboksi kidogo kinachokaa mbele karibu na injini, kinatoka na waya tatu. Moja inaenda kwenye betri, moja inaenda kwenye sensa ya holi iliyofungwa pale kwenye shingo ya krenki, na moja ndiyo waya mnene wa moto unaoenda kwenye plagi ukiwa umevikwa wavu wa chuma mwanzo mwisho. Kwenye haba ya propela kuna sumaku ndogo, ikipita mbele ya sensa kiboksi kinajua sasa pistoni iko wapi na kinapiga cheche. Wakati wa kuwasha inachelewesha cheche ili propela isikurudishie kipigo kwenye vidole, mzunguko ukipanda inaiwahisha yenyewe, na hilo peke yake ni raha kubwa kwa aliyezoea injini za magineti, zile zinazojizalishia umeme wa cheche bila betri. Kofia yake ipo ya digrii 90, ipo ya 120 na ipo iliyonyooka, hivyo pima nafasi ndani ya kava ya injini kabla hujaagiza. Injini nyingi za Kichina za kuanzia cc 20 kwenda juu zinakuja na hii au ya kufanana nayo, kwa hiyo mengi nitakayosema yatakufaa hata kama hununui.

Sasa kwa nini ignition inasumbua redio. Cheche yenyewe ni transmita, na sisemi kwa mfano, ndio ukweli wake. Heinrich Hertz miaka ya 1880 alithibitisha kuwepo kwa mawimbi ya redio kwa kutumia cheche, na Marconi akajenga biashara yake ya mwanzo juu ya hiyo hiyo cheche. Umeme wa volti maelfu unaporuka mwanya wa plagi kwa ghafla vile unatapakaza mawimbi ya kila aina kwa pamoja, haichagui chaneli. Injini ya stroki mbili inapiga cheche kila mzunguko, kwa hiyo ikiwa kwenye rpm 7000 una cheche kama 117 kila sekunde, na betri, waya za sevo na risiva yako viko hapo hapo ndani ya futi chache.

Kazi ya ule wavu na ile kofia ya bati ni kuufungia huo mchezo ndani. Umeme unatoka kwenye kiboksi kupitia waya wa kati, unaruka kwenye plagi, unaingia kwenye kichwa cha silinda, halafu lazima urudi nyumbani. Kama kofia imeikamata plagi vizuri, unarudi kwa njia fupi kabisa, kupitia kofia na wavu uliouzunguka waya ule ule, na ukienda na kurudi mahali pamoja namna hiyo mawimbi yanafutana na yanayotoka nje ni machache sana. Kama kofia imelegea au wavu umekatika, umeme utatafuta njia nyingine ya kurudi, utapitia kwenye fimbo ya kabureta, kwenye waya wa sensa, hata kwenye waya wa betri, na hapo kila kipande cha waya ndani ya ndege kinageuka antena.

Watu wanasema eti siku hizi tunatumia 2.4 GHz kwa hiyo hayo mambo yamepitwa na wakati. Ni kweli nusu. Enzi za 35 MHz Ulaya na 72 MHz Marekani cheche ilikuwa inaingia moja kwa moja kwenye antena ya risiva, maana nguvu kubwa ya makelele ya cheche iko kwenye masafa ya chini. 2.4 GHz imetupa nafuu kubwa sana hapo. Ila sevo yako haisikilizi 2.4 GHz, inasikiliza vijipigo vya umeme vinavyokuja kwenye waya wake, na waya wa sevo ya eleveta unaotoka mkiani hadi kwenye risiva ni mrefu wa kutosha kudaka uchafu wote. Ndio maana unaweza kuona rimoti inasema mawimbi yako safi huku sevo zinacheza kwaito.

Module, yaani kiboksi cha ignition, niliyokuwa nayo kabla ya hii ilikuja na injini ya mtumba ya cc 30, haina hata jina. Cheche yake nzuri, injini inawaka vizuri tu, ila ukipandisha mafuta ailironi, vile vibawa vya kulaza ndege kushoto na kulia, zinatetemeka, ukishusha zinatulia. Hiyo dalili ishike vizuri. Mtetemeko unaofuata mzunguko wa injini kupanda na kushuka, shuku ignition. Mtetemeko unaokuja kwenye rpm fulani tu, ukizidisha unapotea, hapo shuku mtikisiko wenyewe wa injini, soketi iliyolegea, swichi iliyochoka, au chuma kinachosuguana na chuma. Ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake tofauti.

Kuna njia ya kuyatenganisha bila kuwasha injini kabisa. Toa plagi kwenye silinda, iache ndani ya kofia yake, ilaze uzi wake uguse chuma cha injini, hakikisha hakuna petroli iliyomwagika wala mvuke karibu, na toa propela. Washa ignition halafu pitisha sumaku mbele ya sensa, au zungusha haba kwa mkono. Kila ikipita utasikia tak. Ndege ikiwa imewashwa tazama sevo, kama zinaruka pamoja na kila tak basi ni cheche hiyo, hakuna mtikisiko wa kusingizia. Kama zimetulia kabisa na zinasumbua injini ikiwaka tu, nenda katafute kilicholegea. Na usije ukapiga cheche kofia ikiwa haina plagi, umeme ukikosa pa kurukia unatoboa insulesheni ndani ya module na hapo umeiua.

Kifaa bora kuliko vyote nilivyotumia kwenye hii kazi ni redio ndogo ya betri, hii hii ya kusikilizia mpira. Weka AM, sogeza mshale pasipo na stesheni, halafu isogeze taratibu kando ya waya wa moto huku mtu mwingine anapiga cheche kwa sumaku. Sehemu iliyo nzima utasikia tak ndogo au kimya. Ukifika palipovuja inalia kwa nguvu, na ukiisogeza inchi moja inapungua. Kwenye module ile ya zamani redio ilipiga kelele kwenye shingo ya kofia, pale wavu unapoingia kwenye bati. Nikaizima, nikafunua ile hitishrinki (mpira unaosinyaa kwa joto kubana waya), wavu ulikuwa umekatika nyuzi karibu zote, zimebaki chache zinagusa na kuachia. Kwa nje hitishrinki ilikuwa safi kabisa.

Ukiwa na multimita hakikisha pia kwa omu. Mguu mmoja kwenye sehemu ya spana ya plagi, mwingine kwenye wavu upande wa kiboksi, na kofia ikiwa imevaa. Inatakiwa isome karibu na sifuri, chini ya omu 1, na ibaki hapo hapo hata ukiuchezesha waya kulia na kushoto. Ikirukaruka umeshapata jibu.

Haya sasa RCEXL yenyewe. Nilichokipenda kuliko vyote ni kofia. Ukiigeuza ukaangalia ndani utaona ringi ya chuma yenye mkato, kama springi bapa, imekaa kwenye mfereji wake. Ukiibana kofia kwenye plagi ile ringi inatanuka inaikamata ile sehemu ya spana pande zote na unasikia imekaa, inagoma kuzunguka kilegevu. Ringi hiyo ndio athi yako, njia ya umeme kurudi kwenye wavu. Ikidondoka, na huwa inadondoka mtu akiing'oa kofia kwa kuipinda kando, injini itaendelea kuwaka kama kawaida na hautajua kitu hadi sevo zianze kucheza. Kwa hiyo kila ukitoa kofia angalia ringi ipo, na itoe kwa kuivuta wima huku umeshika bati lenyewe, usivute kwa waya. Wavu wake umesukwa kwa kubana na pale unapoingia kwenye kofia umefungwa imara kuliko ile niliyokuwa nayo, ukiukunja haufunguki matundu. Waya wa sensa nao umevikwa wavu, jambo ambalo za bei ya chini wanaliruka.

Nisichokipenda ni maelezo yanayokuja nayo, ni karatasi ya mistari michache na Kiingereza chake kigumu, hakuna panapokwambia umuhimu wa ringi wala umbali wa kuweka risiva. La pili ni volti. Matoleo ya zamani yanataka volti 4.8 hadi 6 tu, mapya yanabeba zaidi, na kwa sura yanafanana. Soma kilichoandikwa kwenye kiboksi chako wewe, usifuate ushauri wa mtu mwenye toleo jingine ukaichomeka betri ya Lipo ya seli mbili kichwa kichwa. La tatu, feki zipo nyingi sokoni na stika inafanana, kipimo changu ni hiyo kofia na ubora wa wavu, muuzaji akikataa kukupigia picha ya ndani ya kofia tafuta mwingine.

Kuifunga ndio kunaleta matokeo. Ignition na vyake vyote vikae mbele, redio na vyake vyote vikae nyuma, na kati yao angalau sentimita 30. Hapo namaanisha kiboksi, betri yake, swichi yake na waya zake upande mmoja, halafu risiva, betri ya risiva na sevo upande mwingine. Betri ziwe mbili tofauti na swichi mbili tofauti, kuna vifaa kama IBEC vinavyokuwezesha kutumia betri moja na vina filta ndani, ila kwa anayeanza mimi nashauri betri mbili, ukipata shida unajua wapi pa kutafuta. Waya wa moto usiufunge pamoja na waya wa sevo kwa taizipu hata kama inapendeza macho, na kama lazima zipishane zipishane kwa kukatana msalaba, zisilale sambamba.

Sevo ya mafuta ndio inasahaulika sana. Mkono wa kabureta ni chuma, injini ni chuma, na ukiweka fimbo ya chuma kutoka hapo hadi kwenye sevo umejenga daraja la kupitisha makelele yote nyuma. Na kama klevisi (kile kibanio cha ncha ya fimbo) ni ya chuma juu ya mkono wa chuma, zinasuguana zikitikisika na huo msuguano wenyewe unatoa mikwaruzo ya redio bila hata cheche. Weka kiungo cha nailoni upande wa kabureta, fimbo iwe ya plastiki. Kaboni usiweke, inapitisha umeme. Fanya hivyo hivyo na fimbo ya choki.

Niliongeza na swichi ya kuzima injini kwa rimoti, ile ya opto. Inakaa kati ya risiva na ignition lakini ndani yake ishara inavuka kwa mwanga, waya za pande mbili hazigusani kabisa, kwa hiyo injini unaizima kutoka mkononi bila kuunganisha umeme wa ignition na wa risiva. Kwangu hii ni lazima. Seti failsafe yako, yaani kile risiva inachofanya ikipoteza mawimbi, iwe ignition off, siku mawimbi yakikatika injini inazimika badala ya ndege kuondoka na mafuta yote wazi kuelekea kwenye watu.

Feraiti, zile ringi nyeusi za kubana kwenye waya, zinasaidia kwenye waya mirefu ya sevo na nimeweka mbili tatu. Ila ukianza nazo kabla ya kutengeneza kofia unaficha ugonjwa tu, ukipata joto na mtikisiko wa kutosha utarudi.

Kuhusu plagi naulizwa sana kwa hiyo niseme. Kwenye namba za NGK herufi R katikati inamaanisha ina rezista ndani, kawaida kama kilo-omu 5, na kazi yake ni kupunguza ukali wa cheche kwenye redio. Fundi wa bodaboda anaijua, CR7HSA ina R, D8EA haina. CM6 haina R, na injini nyingi za ndege zimepangiwa hiyo kwa sababu kinga yote imewekwa kwenye kofia na wavu. Kuna ndugu zake zenye R kama CMR6H za mashine za kukatia miti, watu wanazijaribu, lakini angalia kwanza mtengenezaji wa injini yako anaruhusu nini na kama kofia inaikamata sawasawa, maana plagi yenye rezista ndani ya kofia iliyolegea ni hasara kuliko CM6 ndani ya kofia iliyokaa. Mwanya acha kwenye milimita 0.45 hadi 0.5, pima kwa fila geji. Mwanya ukiwa mpana volti inabidi ipande zaidi ndio iruke, na volti ikipanda inaanza kutafuta matundu kwenye insulesheni ya waya.

Mwisho wa kazi pima masafa, yaani umbali ambao rimoti inafika, na upime mara mbili. Kwanza injini ikiwa imezimwa, rimoti kwenye modi ya kupima ambayo inapunguza nguvu, mtu ameishika ndege, wewe unarudi nyuma hadi sevo zianze kugoma, weka alama chini. Kwa Spektrum kiwango cha kawaida ni hatua 30 hivi, inatakiwa ufike hapo bila shida. Halafu washa injini urudie, ikiwa idle, ikiwa katikati na mafuta yakiwa wazi yote. Tofauti ikizidi asilimia 10 usiruke, rudi kwenye kofia. Mshikaji akae nyuma ya propela na ndege ifungwe kamba pia, usitegemee mikono tu. Wenye telemetri (ndege inarudisha taarifa kwenye rimoti) mna raha zaidi, Spektrum inakuonyesha fedi, frem zilizopotea na hold, yaani mara mawimbi yalipofifia au kukatika, FrSky inakupa RSSI, namba ya nguvu ya mawimbi, linganisha namba injini ikiwa imezimwa na ikiwa inawaka. Na usisahau antena zenyewe, ile ncha ya milimita 31 iliyo wazi ndiyo inayopokea, zikae kwa pembe ya digrii 90 na zisijifiche nyuma ya tenki la mafuta wala kaboni.

Matokeo yangu baada ya kufunga RCEXL, kubadilisha fimbo ya kabureta na kutenganisha betri: masafa injini ikiwaka na ikiwa imezimwa siwezi kuyatofautisha, ailironi zimetulia kwenye mafuta yote, na redio ya AM ukiiweka juu ya waya wa moto inatoa tak hafifu tu. Niwe mkweli kwamba kama ningepata kofia na wavu vya akiba vya ile ya zamani ningeweza kuitengeneza bila kununua module nzima, ila vipuri vyake havipo popote kwa sababu haina jina, wakati za RCEXL kofia, ringi, wavu na sensa vinauzwa kimoja kimoja. Kwa mtu wa Dar au Nairobi anayesubiri mzigo wiki kadhaa kutoka China au Dubai hilo ni jambo kubwa kuliko hata bei.

Wenye injini za magineti kama Zenoah hii sio ya kwenu moja kwa moja, huko hakuna betri ya ignition wala module ya namna hii, koili inajizalishia umeme kutoka kwenye flaiwili. Kofia yenye kinga, plagi yenye R na fimbo ya nailoni ndio pa kuanzia.

Naipa nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya maelezo yake na ule utata wa volti. Ukiagiza ongeza na ringi za kofia mbili za akiba, ni vitu vya senti, na uziweke kwenye boksi la vifaa unavyoenda navyo uwanjani.